Wakili, fleti yangu ya Reading imebakiza miaka 80

Maswali ya wasomaji kuhusu ardhi na nyumba, Novemba 2025

SWALI: Mwanangu Wakili, hujambo? Mimi ni mama wa miaka 67, naishi Tukuyu, upande wa njia ya kwenda Katumba. Nimefanya kazi ya ukunga Uingereza miaka 22. Nimezalisha watoto wa watu usiku na mchana, zamu za Krismasi nikizichukua mimi ili wenye watoto wadogo wakae kwao, na kwa fedha hiyo mwaka 2009 nikanunua fleti ya vyumba viwili mjini Reading. Mkopo wa benki niliumaliza 2022, nikarudi nyumbani. Sasa kuna mpangaji ndani, na kodi yake ndiyo inayoninunulia dawa na kulipia ada ya wajukuu wawili.

Mwezi uliopita nimepata barua ya wakala wa mwenye jengo. Anasema mkataba wangu ni wa miaka 99 tangu 2007, umebakiza miaka 80 na kidogo, na ukishuka zaidi fleti itapoteza thamani. Nikilipa pauni 6,000 ndani ya siku 28, ataniongezea muda ufike tena 99, na pango la ardhi la pauni 200 kwa mwaka litaendelea vilevile. Mwanangu wa Dar es Salaam anasema nisitoe hata senti, kuna sheria mpya ya miaka 990 inakuja. Mdogo wangu anasema niuze yaishe. Mimi silali. Nilinunua au nilipanga? Na kwa kuwa siishi tena kule, bado nina haki yoyote? Nakutumia nakala za mkataba. – Nesi mstaafu, Tukuyu.

JIBU: Shikamoo mama. Ndaga fijo kwa kuniamini na karatasi zako. Nimezisoma zote, kurasa 34, jana jioni mvua ikinyesha hapa Mbeya, na ukurasa wa tatu nimeusoma mara mbili. Kuna mstari mmoja pale unaosema muda ni miaka 99 kuanzia tarehe 24 Juni 2007. Chukua kalamu nyekundu uuzungushie duara. Kila nitakachokueleza kinatoka kwenye mstari huo.

Nianze na swali lililonigusa kuliko yote: ulinunua au ulipanga? Vyote viwili, mama, na hukudanganywa. Katika England na Wales fleti nyingi huuzwa hivyo. Ardhi na jengo vina mwenyewe. Wewe unanunua haki ya kukaa, kupangisha, kuuza na kurithisha fleti kwa miaka iliyoandikwa. Miaka ikiisha bila kuongezwa, mali inarudi kwa mwenye jengo. Ndiyo maana unamlipa pango la ardhi ingawa benki ulishaimaliza.

Wala jambo hili si geni kwetu. Hapa Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ameshikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na hati ya mjini inatolewa kwa muda: miaka 33, 66, au isiyozidi 99. Tofauti ni kwamba kwetu anayekupa muda ni serikali, kule ni mtu au kampuni inayotafuta faida. Hapo ndipo pa kuwa macho.

Naielewa kazi hii kwa mikono yangu. Kati ya 2009 na 2013 nilikuwa karani katika ofisi ya mawakili wa nyumba huko huko Reading, kabla sijarudi kufungua ofisi yangu hapa Uhindini. Kazi yangu ya kila Jumatatu ilikuwa kufungua mafaili na kuhesabu miaka. Bosi wangu alikuwa na kalenda ukutani, na majina ya wateja ambao mikataba yao ilikaribia miaka 80 aliyaandika kwa wino mwekundu. Wale ndio tuliowapigia simu kwanza, hata kama hawakuwa wametuuliza lolote.

Kwa nini 80? Kwa sababu ya kitu wanachokiita kule “thamani ya ndoa”. Fleti yenye miaka mingi ina bei kubwa kuliko fleti ileile yenye miaka michache. Ukiongeza muda, bei inapanda, na lile ongezeko linalotokana na kuunganisha haki yako na ya mwenye jengo ndiyo thamani ya ndoa. Sheria inasema: kama siku unapotoa notisi, yaani barua rasmi ya kudai kuongezewa muda, mkataba wako una zaidi ya miaka 80, ongezeko hilo halihesabiwi kabisa. Ukishafika 80 au kushuka chini yake, nusu ya ongezeko ni ya mwenye jengo, na unailipa wewe.

Nikufanyie hesabu ya mfano, maana maneno matupu hayatakusaidia kulala. Tuseme fleti yako ikiwa na muda mrefu ina bei ya pauni 240,000. Wathamini wa kule hupunguza thamani ya mali ya baadaye kwa asilimia 5 kwa mwaka wanapothamini fleti, na pango la pauni 200 atakalolikosa mwenye jengo nimelipunguza vivyo hivyo kwa asilimia 7. Ukitoa notisi leo, ukiwa na miaka 80 na miezi saba, malipo kwa mwenye jengo yanakuja karibu pauni 7,500. Ukichelewa hadi ibaki miaka 79 na nusu, na tuseme fleti kwa muda huo mfupi ina asilimia 90 tu ya bei yake, malipo yanakaribia pauni 15,900. Fleti ni ileile, vyumba ni vilevile, kilichopita ni miezi kumi na mitatu. Mthamini wa kweli anaweza kuja na tarakimu nyingine, lakini huo mruko ataukuta palepale.

Sasa piga hesabu ya duara lako jekundu. Miaka 99 tangu 24 Juni 2007 inaisha Juni 2106. Miaka 80 kamili itabaki Juni 2026. Mama, una miezi saba. Usisubiri mwezi wa sita ufike. Mimi ningetaka notisi yako iwe mikononi mwa mwenye jengo kabla ya mwisho wa Februari, ili ikionekana ina kasoro uwe na muda wa kutoa nyingine.

Barua ya wakala sasa. Haina uongo ndani yake, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Kukupa pendekezo la hiari anaruhusiwa. Ila tazama anachouza. Kwa pauni 6,000 anakupa miaka 18 na ushee, na unaendelea kulipa pauni 200 kila mwaka mpaka 2106. Baada ya miaka kumi na minane hivi wajukuu zako watarudi palepale ulipo wewe leo, wanahesabu 80. Sheria ya 1993, ile ya mageuzi ya upangaji wa muda mrefu, inakupa haki ya kudai miaka 90 juu ya ile iliyobaki. Kwako maana yake mkataba utafika Juni 2196. Na pango la ardhi linafutwa siku hiyo hiyo, unabaki unadaiwa “punje ya pilipili manga” kwa mwaka. Ndivyo sheria yao inavyoandika hadi leo, punje moja, na hakuna anayekuja kuidai. Zile pauni 200 peke yake, kwa miaka 80, ni pauni 16,000 ambazo barua ya wakala haikuzitaja.

Na siku 28 alizokupa ni za kwake, hazimo kwenye sheria. Zikipita hupotezi haki yoyote. Usimjibu kwa hasira, usisaini, na usimtumie fedha ya “kushikilia nafasi”.

Umeuliza kama unayo haki wakati unaishi Tukuyu. Unayo kamili. Zamani ilitakiwa mtu awe ameishi ndani ya fleti, sharti hilo liliondolewa na sheria ya 2002. Likabaki sharti la kuwa umemiliki miaka miwili, ambalo wewe ulilivuka zamani, na nalo limefutwa tangu tarehe 31 Januari 2025. Kinachotakiwa ni kwamba mkataba wako tangu mwanzo ulikuwa wa zaidi ya miaka 21, na wako ni 99. Mpangaji aliyemo ndani hazuii lolote. Hata saini si kikwazo tena: tangu marekebisho ya 2014 wakili wako anaweza kuisaini notisi kwa niaba yako. Nakumbuka kabla ya hapo tulivyokuwa tukituma karatasi Lagos na Kingston na kukaa roho juu, mteja mmoja barua yake ilirudi imelowa na saini haisomeki, tukaanza upya. Wewe hilo limekwisha.

Njia yenyewe iko hivi. Kwanza toa nakala ya daftari la umiliki wa jengo kwenye masjala ya ardhi ya kule, HM Land Registry, kwa njia ya mtandao. Ni pauni 7. Humo utaona mwenye jengo halisi ni nani, maana wakala aliyekuandikia anaweza asiwe yeye, na notisi ikienda kwa asiye mwenyewe ni karatasi bure. Kisha tafuta mawakili wawili watatu wanaofanya kazi hii ya kuongeza muda kila siku, uwaulize bei, na mthamini mmoja anayelijua soko la Reading. Usimchukue wakili wa aliyeandika barua hata akikwambia ni rahisi. Kuna pia huduma ya ushauri inayofadhiliwa na serikali yao, Leasehold Advisory Service, ushauri wao wa awali ni wa bure. Binti yako au mjukuu akusaidie kuweka miadi.

Wakili atatoa notisi ikiwa na bei unayopendekeza wewe. Siku notisi inapotolewa ndiyo siku thamani inaposimama, hata kama mabishano yatachukua mwaka mzima na miaka ishuke hadi 79. Hilo ulishike sana. Mwenye jengo anapewa angalau miezi miwili ya kujibu. Anaweza kukudai amana, asilimia 10 ya bei uliyopendekeza au pauni 250, ipi ni kubwa. Akitaja bei ya juu mno mnajadiliana, na msipopatana unapeleka suala kwenye baraza la kule ndani ya miezi sita tangu jibu lake. Hiyo miezi sita ikipita bila kupeleka, notisi inakufa na utakaa mwaka mzima kabla ya kutoa nyingine. Kwako mwaka huo mmoja ni maangamizi, kwa sababu utakuwa tayari umeshuka chini ya 80. Mwulize wakili wako tarehe hiyo, uiandike kwenye kalenda ya jikoni.

Andaa fedha ya kutosha. Mbali na malipo yenyewe, unamlipa wakili wako na mthamini wako, na pia gharama za kadiri za wakili na mthamini wa mwenye jengo. Inauma kumlipia mtu wakili wa kukupinga. Ndiyo sheria inayotumika leo.

Hapo namgeukia kaka yangu wa Dar es Salaam, ambaye namheshimu kwa kusoma habari. Ni kweli sheria mpya ilipitishwa Mei 2024. Ni kweli imeandika miaka 990, imefuta thamani ya ndoa, na imepunguza mzigo wa gharama za mwenye jengo. Lakini sheria kupitishwa ni jambo moja na vifungu kuanza kutumika ni jingine. Vifungu hivyo hadi ninapoandika havijaanza kazi. Wewe mama, ukiwa juu ya 80, thamani ya ndoa haikuhusu, kwa hiyo kusubiri ifutwe hakukupunguzii senti. Ungeokoa gharama za mawakili wa upande wa pili na kupata miaka mingi zaidi kwenye karatasi. Lakini vikichelewa kupita Juni, umejiingiza mwenyewe kwenye shimo la pauni elfu nane. Miaka 170 kwa mtu mwenye wajukuu ni mingi ya kutosha. Ungekuwa mama yangu mzazi ningekuambia toa notisi.

Na mdogo wako anayesema uuze, mwambie jambo hili: hata ukitaka kuuza, toa notisi kwanza. Haki ya notisi inaweza kukabidhiwa kwa mnunuzi pamoja na fleti, naye akamalizia mwenyewe. Ukiuza mkataba unaokaribia 80 bila notisi, mnunuzi atakukata bei, na benki nyingi za kule husita kukopesha kadiri miaka inavyopungua. Tena usiuze kwa sababu umechoka na barua.

Naomba nikueleze kwa nini ninakusukuma hivi. Baba yangu alikuwa na nyumba Forest, hapa Mbeya, aliyoijenga kwa mshahara wa ualimu. Hati yake aliitunza ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, imefungwa kwa kitambaa cha kanga, na kila mwaka mpya alikuwa anaifungua anaiangalia, anaifunga. Nimeiona mara ngapi sijui. Lakiri nyekundu imepasuka katikati, na chini ya jina lake mashine ya chapa imeandika miaka thelathini na tatu kuanzia tarehe 1 Julai 1981. Tulikuwa tunasoma jina. Mimi mwenyewe, karani wa kuhesabu miaka ya Waingereza kila Jumatatu, sikuwahi kuhesabu ya baba yangu. Mwaka 2015 alitaka mkopo mdogo wa kuchimba kisima, benki ikamrudishia hati. Ilikuwa imekwisha tangu Juni 2014. Tulianza upya: madeni ya pango la ardhi, vipimo, ofisi moja ikitutuma nyingine. Hati mpya ilitoka 2018, yeye alishazikwa. Siku aliyoirudisha kutoka benki hakusema neno, aliiviringisha kwenye ile kanga akaketi nayo mapajani mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo, mama, kesho piga picha ule ukurasa wa tatu, umtumie mwanao wa Dar, na umwambie tarehe ni 24 Juni 2026. Mawakili ukishapata watatu nitumie barua zao za bei, nitakusomea bila malipo.

SWALI: Shikamoo Wakili. Baba ametuachia nyumba Gangilonga, Iringa. Alifariki mwaka jana. Hati ni ya miaka 33 na inaisha 2028. Ndugu wanasema tusubiri iishe ndipo tuombe mpya kwa majina yetu, tuokoe gharama ya kubadilisha mara mbili. Ni sawa? – Kijana wa tatu, Iringa.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na msiba. Si sawa hata kidogo. Leo mnaomba kama warithi wa mtu mwenye hati hai. Mkisubiri iishe, mtakuwa watu wanaoishi kwenye kiwanja ambacho muda wake umekwisha, mkiomba upya na jina kwenye faili ni la marehemu.

Kikao cha ukoo kikae mwezi huu kimpendekeze msimamizi wa mirathi, mwende mahakamani athibitishwe. Bila yeye hakuna atakayewasikiliza, hata muwe kumi. Yeye ndiye atakayehamisha umiliki, na ndiye atakayeomba kuongezewa muda kwa Kamishna wa Ardhi kupitia idara ya ardhi ya manispaa yenu na ofisi ya ardhi ya mkoa. Ombi liende muda ukiwa bado upo. Kabla ya hapo ombeni kumbukumbu namba mlipe pango la ardhi lote linalodaiwa, na risiti mzitunze pamoja, kwa sababu deni la pango ndilo nimeliona likikwamisha mafaili kuliko kitu kingine. Mkiulizwa mnataka miaka mingapi, ombeni mingi kadiri matumizi ya kiwanja yanavyoruhusu. Msijiandikie 33 tena kwa mazoea.

Na kama kuna ndugu anayekaa humo ndani na hataki mirathi ifunguliwe, niandikie peke yako. Hilo lina njia yake, na nisingependa kulijibu hapa akalisoma.